Tawi Lililoinama Mchangani

Mchangani, karibu na Matete
Aprili, 1996

Nasimiyu mwanangu,

Barua tulizofundishwa shuleni huanza kwa kuuliza hali ya anayeandikiwa. Mimi sina haja ya kuuliza. Umelala hatua mbili kutoka hapa nilipokaa, juu ya mkeka, mdomo wazi, mguu mmoja umeutoa nje ya shuka kama kawaida yako. Mvua ya alasiri imeanza na bati linapiga kelele, lakini wewe hujali. Kesho asubuhi shangazi yako Rodah atakuja kukuchukua akupeleke Mautuma, kwa watu wa marehemu baba yako, na ukishaondoka hutakuwa tena mtoto wa nyumba hii. Una mwaka mmoja na miezi mitatu. Mimi nina miaka kumi na tisa, na nilimaliza kidato cha nne Novemba iliyopita.

Mambo ya uji wako na dawa ya kikohozi, na kwamba hupati usingizi bila kushika sikio la mtu, hayo kukhu wako, yaani mama yangu, atamweleza Rodah mwenyewe. Anayajua kuliko mimi. Ulipozaliwa nilikaa nawe muhula mmoja tu, kisha nikarudi shule, na yeye ndiye aliyekulea. Ndiyo maana yeye unamwita mama na mimi unaniita Kesa, kwa sababu unamsikia akiniita Nekesa siku nzima na ulimi wako haufiki mwanzo wa jina. Sikukurekebisha. Nilidhani muda upo.

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, na nataka nikwambie wewe. Lakini lazima nianze na kilima, kwa sababu ukirudi hapa siku moja ukiwa mkubwa hutakikuta, na usipokijua kilima hutanielewa.

Mahali hapa panaitwa Mchangani kwa sababu ya kilima kilichokuwa nyuma ya jiko letu. Kwingine kote udongo ni mwekundu, unang'ang'ania viatu na unapenda mahindi na miwa. Kilima chetu kilikuwa mchanga mtupu, wa rangi ya biskuti. Mwalimu wetu wa jiografia alisema mto Nzoia ulipita hapa zamani sana, ukatua mzigo wake, ukahama. Tulimwamini kwa urahisi, maana ukichimba kidogo ulipata mawe laini ya mviringo kama mayai, mawe ya mtoni, mahali ambapo mto hauonekani hata kwa mbali.

Juu kilivaa nyasi ndefu za kuezekea. Nyasi hizo zilikatwa kwa mundu, hazikung'olewa, kwa sababu mizizi yake ndiyo iliyokishika kilima, imesukana ndani ya mchanga kama nywele. Upande wa jua wanawake walipanda njugu mawe, ambazo hazitaki udongo mzito. Ukingo wa upande wa pili ulisimama wima kama ukuta, na ndani yake ndege wadogo wa kijani walao nyuki walikuwa wametoboa vishimo, kila kishimo nyumba ya mtu na mkewe. Tukiwa watoto tulilala kifudifudi juu ya ukingo na kuwahesabu wakitoka.

Na chini kabisa ilitoka chemchemi. Mvua iliponyesha haikukimbia juu ya kilima kama inavyokimbia sasa hivi huko nje. Mchanga uliinywa yote, ukakaa nayo, kisha miezi ya ukame ukaitoa polepole, maji baridi, safi, unaona vidole vyako ndani yake. Januari, vijito vingine vikiwa vumbi, wanawake walikuja kwetu na mitungi kutoka mbali.

Mchanga wenyewe tulichukua kwa kikapu. Wa kukaangia njugu, kwa sababu njugu iliyokaangwa ndani ya mchanga wa moto haiungui upande mmoja. Wa kufukia viazi vitamu visioze. Wa kusugulia sufuria. Wa kumwaga kwenye darasa la nasari, ambako niliandika herufi ya kwanza ya jina langu kwa kidole, nikaifuta kabla mwalimu hajafika, kwa kuogopa nimekosea. Nilikuwa sijakosea. Ningekuwa mtu mwingine leo kama siku ile ningeiacha.

Bibi yangu, mama yake baba, aliyefariki kabla hujazaliwa, alikuwa na neno moja kuhusu kilima. Alisema, "Mchanga wa mtoni chukueni, mto utaleta mwingine. Huyu hapa hana mahali pa kutoa mwingine." Alikiita kilima "huyu," kama mtu.

Alipokufa, lori la kwanza lilikuja kabla nyasi hazijaota juu ya kaburi lake. Nilikuwa darasa la nane. Mjini Kakamega watu walikuwa wanajenga, na mchanga wa mto ulikuwa hautoshi. Baba yangu alikubali. Sitamsema vibaya katika barua hii. Kuta za nyumba nyingi za huko mjini zina kilima chetu ndani yake, na kila muhula niliokaa darasani ulitoka humo pia. Nilisoma kwa kula kilima. Nilikuwa nakaa dawati la mbele, sare imepigwa pasi, najifunza juu ya mmomonyoko wa udongo, naandika majibu sahihi.

Baba yako Barasa alikuwa mchimbaji. Alikuja kutoka Mautuma na wenzake, akiwa na sepetu yake mwenyewe ambayo hakumwazima mtu. Alikuwa mrefu, anaimba vibaya, na anajua kwamba anaimba vibaya. Utaambiwa mengi mazuri juu yake huko uendako, na mengi yatakuwa kweli. Mimi nitakwambia moja. Unajua, au utajua, kwamba mimi ni mtu wa kuogopa watu. Naanza sentensi, mtu ananitazama, sentensi inakufa. Barasa alikuwa mtu wa kwanza aliyengoja sentensi yangu iishe. Angesimama pale na maji yake ya kunywa mkononi, hanywi, anangoja. Siku moja niliuliza mbona hanisaidii kumaliza kama wanavyofanya wengine. Akasema, "Nikimaliza mimi, itakuwa yangu. Mimi nataka yako."

Alisema msimu huu wa kiangazi ukiisha ataleta wazee wake kwa baba na tutafanya mambo kwa utaratibu. Ulikuwa tayari umezaliwa, katikati ya ukame, ndiyo maana ya jina lako. Watu walikuwa wamekwisha sema waliyoyasema.

Sasa nikueleze jinsi wanavyochimba, maana hapo ndipo kosa langu lilipo.

Hawaanzi juu. Juu kuna mizizi, ni kazi ngumu. Wanaanza chini, mchanga ulipo laini na safi, wanaingia ndani kwa sepetu hadi kilima kinabaki kimetokeza juu yao kama paji la uso. Kisha wanatoka, wanakisukuma kwa mti mrefu, kinaanguka, wanapakia. Kukiwa na unyevu mchanga hushikana, na unaweza kuingia ndani sana. Jua likiukausha unaachana, chembe na chembe, kimyakimya. Kwa hiyo mchana wa kiangazi ndio wakati mbaya, na ndio wakati malori yanapoweza kupita barabarani.

Wanajilinda kwa tawi. Wanakata tawi bichi, wanalichomeka juu kabisa kwenye ukingo, na mtu mmoja anasimama mbali, upande wa pili, kazi yake kulitazama. Tawi likiinama, maana yake ufa umefunguka nyuma yake, pale ambapo walio chini hawawezi kuona. Mtazamaji anapiga kelele, "Tokeni!" na kila mtu anakimbia. Hakuna kusubiri kuuliza. Kazi hiyo wanapewa wanawake au wazee, kwa sababu haihitaji nguvu. Inahitaji jicho na sauti.

Januari, baada ya mtihani, nikingoja matokeo, mama mmoja wa kijijini aliyekuwa akitazama tawi aliugua miguu. Makokha, mkubwa wa wachimbaji, aliniona nimekaa nawe mlangoni akaniambia, "Dada, wewe umesoma hadi Form Four. Tawi moja litakushinda?" Barasa akacheka akasema, "Anaonanga kila kitu huyu. Hata ukificha kitu anaona." Alikuwa anajivuna kwa ajili yangu. Nikakubali.

Siku ya tatu upepo ulivuma kutoka mtoni. Tawi likatikisika, nikapiga kelele, "Tokeni!" Ilikuwa sauti kubwa zaidi niliyowahi kutoa maishani. Wote wakatupa sepetu wakakimbia, mmoja akaanguka kifudifudi, dereva wa lori akaruka kutoka kwenye kivuli alikokuwa amelala. Tukasimama tukitazama kilima. Kilima kikatutazama. Hakikuanguka hata chembe.

Wakacheka kwanza kwa sababu ya woga kuwatoka, kisha wakanicheka mimi.

"Wewe mwalimu wa matawi!" Makokha alisema, anashika mbavu. "Huo ni upepo. Upepo tunaujuanga. Sisi tunangoja kilima."

"Form Four wanafundishwanga upepo?" akauliza yule aliyeanguka, akijipangusa.

"Amefundishwa kwa Kiingereza, ndiyo maana haujui wa hapa," mwingine akadakia.

Dereva akaiga sauti yangu, nyembamba, iliyopasuka mwishoni. Barasa naye alicheka. Si kwa ubaya. Alinitazama huku akicheka, kama anayesema nicheke pia. Sikuweza. Uso wangu ulikuwa moto hadi jioni. Usiku nilikunyonyesha nikiwa nimegeukia ukuta, na nikaapa moyoni kwamba sitapiga kelele tena mpaka niwe na hakika.

Mpaka niwe na hakika. Nimeandika maneno haya na kuyatazama kwa muda.

Siku ya sita hapakuwa na upepo. Ilikuwa karibu saa saba mchana. Walikuwa wameingia ndani sana, kwa sababu lori la pili lilikuwa linapiga honi. Nilikuwa natazama tawi. Nataka ujue hilo, Nasimiyu: nilikuwa natazama. Baadaye watu walisema huenda jua lilinipiga machoni, huenda nilikugeukia wewe uliyekuwa mgongoni kwangu. Hapana. Wewe ulikuwa umelala na mimi nilikuwa natazama tawi, na nikaliona likiinama.

Liliinama polepole sana, kama kichwa cha mtu anayesinzia kanisani. Halikutikisika. Nikajiambia, tazama tena. Likainama tena. Nikajiambia, labda halikuchomekwa vizuri. Nikaona mstari mwembamba mweusi nyuma yake kwenye nyasi, nikajiambia, labda ni kivuli. Muda wa kumenya kiazi kimoja ulipita. Nilikuwa na muda huo wote, na walio chini walihitaji nusu yake.

Kisha mdomo wangu ukafunguka. Lakini sikusema "Tokeni." Nilisema, "Barasa."

Nilisema kama mtu anayeomba chumvi.

Nimefikiria miezi mitatu kwa nini nilisema jina lake na siyo neno la kazi. Najua kwa nini. Kama isingekuwa kitu, ningeweza kusema nilikuwa namwita tu. Ningemwambia mtoto ameamka, au maji yako hapa. Hakuna ambaye angenicheka. Nilichagua neno ambalo lingeniokoa mimi.

Wengine hawakusikia. Makokha aliona vumbi la mchanga likimdondokea mkononi, akapiga kelele yeye, wakatoka. Barasa alikuwa amesikia. Ni yeye peke yake aliyenisikia, kwa sababu alizoea sauti yangu. Akasimama. Akageuka kunitazama, akaacha sepetu isimame mchangani, na akangoja. Alikuwa anangoja nimalize sentensi.

Kilima kiliposhuka hakikupiga kishindo kikubwa. Ulikuwa mlio kama wa gunia la mahindi linalomwagwa.

Walichimba kwa sepetu, kwa mabakuli, kwa mikono. Baba yangu alichimba mpaka kucha mbili zikang'oka. Mchanga mkavu ukitoa kikapu kimoja unarudi viwili. Sitakuandikia jinsi walivyompata. Nitakwambia tu kwamba wanawake waliomwosha walisema mchanga haukuisha masikioni mwake, kila wakipangusa ulitoka mwingine, na mwishowe wakaacha. Yuko Mautuma kwenye udongo mwekundu, na kidogo cha kilima chetu kiko naye.

Kwenye mazishi Makokha alisimama mbele ya watu. Alisema, "Huyu msichana alijaribu. Alimwita kwa jina. Sisi tuliokoka kwa miguu yetu, lakini yeye alimwita." Watu wakasema ndiyo. Na mama yake Barasa, ambaye kuanzia kesho utamwita kukhu, alinishika kichwa kwa mikono yote miwili akasema, "Mwanangu, angalau alikufa akisikia mtu anamwita. Mungu akubariki." Nilitaka kusema. Sentensi ilianza. Alikuwa ananitazama, macho yamevimba, na sentensi ikafa.

Tangu siku ile nimekuwa mtu mwema wa kijiji hiki. Wananipa kiti.

Mwezi uliopita walikuja hapa: babu yako wa kuumeni, mke wake, na Rodah, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi. Walikaa sebuleni na baba akawakaribisha kwa salamu ya mulembe na chai. Mzee alizungumza kwa upole. Kama angekuwa mkali ningeweza kumchukia.

"Hatukuja kunyang'anya," alisema. "Ng'ombe hatujaleta, tunajua, kwa hiyo hatuna nguvu ya kudai. Tunaomba. Kijana wetu hakuacha mtu mwingine duniani, ni huyu tu. Tunaomba akue mahali baba yake alipolala. Tumengoja aache ziwa kwanza."

Baba alimtazama kila mmoja wao. Kisha akasema, "Wazee, mnaona hapa kwangu. Shamba la njugu liliingia kwenye shimo. Maji tunachotanga mtoni sasa, mwendo wa saa nzima. Mimi mwenyewe najiuliza mvua hii itaiacha hii nyumba ama itaibeba." Akanigeukia. "Lakini mtoto ana mama. Nekesa, una neno?"

Nasimiyu, aliniuliza. Nataka ulijue hilo pia, usije ukamlaumu. Baba yangu aliniuliza mbele ya watu, na wote wakangoja, hata mzee wa Mautuma aliinamisha kichwa ili anisikie vizuri. Ningesema hapana, ungebaki. Walikuwa wamekuja tayari kusikia hapana. Niliona hivyo kwa jinsi mama yake Barasa alivyokuwa ameshika kikombe bila kunywa.

Niliangalia kucha zangu. Nilikuwa nafikiri: nimewachukulia mtoto wao. Nitawanyima na wa kwao huyu kwa mdomo gani?

"Kimya ni jibu," baba akasema hatimaye.

Walipoondoka, mama yangu alinifuata jikoni na mwiko wa ugali mkononi. "Wewe ulipewa mdomo wa kunywea uji peke yake?" Nilichochea kuni. "Nasema nawe! Mtoto anakwenda hivi hivi, na wewe unanyamaza kama jiwe la mafiga?" Akatupa mwiko sakafuni. Halafu akakaa kwenye kigoda akalia, na wewe ukamwendea yeye, siyo mimi, ukamshika sikio.

Hayo ndiyo niliyotaka kukwambia. Nilikuwa nimepanga kuikunja barua hii na kuiweka kwenye mkebe wa majani chai, pamoja na cheti changu cha mtihani, nikupe utakapofika umri wangu. Ndivyo nilivyopanga nilipokaa hapa na karatasi.

Mvua imezidi. Kupitia dirishani naona mahali kilima kilipokuwa. Ni shimo lenye maji ya kijani, na kingo zake zinamomonyoka kila mvua, zinaelekea jiko. Wachimbaji wamehamia kwingine, nasikia kuna kilima kidogo kama chetu ng'ambo ya mto. Ndege wa kijani sijui walikwenda wapi. Kuta walizotoboa hazipo. Chemchemi ilianza kutoa maji ya tope Januari, Februari ikatoa unyevu tu, na sasa ukisimama pale hujui kama paliwahi kuwa na kitu. Mvua yote hii inayonyesha inakimbia tu, inabeba mchanga uliobaki na kuumwaga juu ya mahindi ya jirani. Hakuna kinachoikaribisha. Nimejaribu kupanda zile nyasi, nilichukua visiki vya mizizi kwenye rundo waliloliacha wachimbaji nikavichomeka ukingoni. Vimekauka vyote isipokuwa kimoja, na hicho sikitumaini.

Nilijua. Hata hilo nilijua tangu kidato cha pili, nilikuwa nimeandika kwenye daftari, mizizi hushika udongo, nikapewa alama ya vema. Nikarudi nyumbani, nikaona baba anapatana na wenye malori juu ya upande wa chemchemi, nikapita na ndoo yangu. Nilidhani siyo mahali pangu kusema. Siku zote nimedhani kuna mtu mwingine ambaye sauti yake inafaa zaidi, na kwamba atasema.

Sitakwambia uwe jasiri. Watu wameniambia hivyo tangu nasari na haikusaidia, ni kama kumwambia mfupi awe mrefu. Huenda umerithi sauti ya baba yako, nakuombea hivyo, hata kuimba kwake. Lakini kama umerithi yangu, basi ujue kitu kimoja nilichokilipia: kuchekwa hakukai. Wale wanaume walionicheka siku ya tatu walikuwa wamesahau kabla ya chakula cha jioni. Nilimuuliza Makokha juzi kama anakumbuka nilivyowakimbiza kwa ajili ya upepo. Alifikiri sana. Akasema, "Siku gani hiyo?"

Nimesimama nikaenda mlangoni nikarudi. Nitakwambia nilichokuwa nafikiri.

Nguo zako nimezipanga kwenye mkoba wangu wa shule, ule wa turubai, ambao bado una wino pembeni. Kesho Rodah ataufungua kwao mbele ya mama yake, ndivyo wanavyofanya, kutazama mtoto amekuja na nini. Mama yake hajui kusoma. Rodah anajua. Barua hii nikiiweka kwenye mkebe wa majani chai, nitaendelea kupewa kiti. Mama yake Barasa aliniambia mlango wake uko wazi kwangu, "utakujanga kumwona wakati wowote, mama," na nitakwenda likizo ya Agosti na Krismasi, nitakula kwake, na utanijua. Nitakuwa Kesa anayekuja na mikate. Na kila mara atanishika kichwa kwa mikono miwili na kunibariki.

Nikiiweka kwenye mkoba, juu, Rodah ataisoma kabla hujavua viatu. Baada ya hapo sijui. Pengine mlango utafungwa. Pengine mzee atakuja hapa na maneno ambayo baba yangu hataweza kuyajibu. Pengine sitakuona tena mpaka uwe mtu mzima anayeweza kutembea mwenyewe kutoka Mautuma, kama utataka. Sioni njia ambayo jambo hili linaisha vizuri. Nimeitafuta.

Lakini watu wale wamesimama chini ya kitu ambacho hawakioni, na mimi nakiona. Nimekaa hapa tangu alasiri na bado natafuta neno jingine ambalo si lile lenyewe.

Rodah, kama unasoma hapa: sikumwita ili kumwokoa. Niliona mapema. Ningeweza kusema "Tokeni," sikusema. Mwambie mama yako. Msomee pole pole, na usinitetee.

Nimeikunja mara moja tu na kuifunua tena kuandika haya ya mwisho. Nitaiweka juu ya sweta yako ya kijani, chini ya kofia, mahali ambapo mkono wa kwanza utakaoingia mkobani utaigusa. Kuhusu mguu wako unaotoka nje ya shuka, mama huenda akasahau kuwaambia. Wauache. Ukifunikwa unaamka.

Umeamka sasa. Mvua ni kubwa kiasi kwamba sikusikii, naona tu mdomo wako unafanya Kesa, Kesa. Nimekuitikia kwa sauti yangu yote, mpaka mama ameangusha kitu jikoni akauliza nani anapiga kelele humu ndani.

Ni mimi.

Mama yako,
Nekesa